Zimwi Mbele ya Hakimu

Adui wa hadithi akikamatwa na kufikishwa mahakamani, atasomewa mashtaka gani?

Ukikaa kwenye vibanda vya video vya Busia, mpakani, utalisikia swali hili likiulizwa kwa namna nyingi. Upande wa Uganda filamu husimuliwa kwa Kiganda, kwa sauti za kina VJ Jingo na VJ Junior. Upande wa Kenya, DJ Afro huzisimulia kwa Kiswahili cha mtaani. Wasimulizi hawa hawana subira na adui: akitokeza tu wameshamsema, na watazamaji wanajua kwamba kabla filamu haijakwisha stelingi, yaani shujaa wa filamu, atamtia adabu. Ubishi huanza nje, penye pikipiki. Yule bwana alistahili kufa, au alistahili kifungo? Na kifungo cha kosa gani?

Wengi hujibu kwa kutaja roho yake. Hakuwa na huruma, alicheka watu wakilia, hakuogopa Mungu. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linaloweza kuandikwa kwenye hati ya mashtaka, ile karatasi inayomweleza mshtakiwa anadaiwa kufanya nini, lini, wapi, na kumfanyia nani. Sheria ya jinai, yaani sheria ya makosa ambayo serikali hushtaki kwa niaba ya umma, haina kosa liitwalo ubaya. Inataka tendo. Inataka nia iliyokuwamo moyoni wakati wa tendo. Na inataka mtendaji awe mtu. Maadui wengi wa hadithi hunaswa, au huponyoka, kwenye moja ya hayo matatu.

Msichana ndani ya ngoma

Tuanze na kisa kinachojulikana Afrika Mashariki yote. Pwani wanasema ni zimwi, Waluhya wanasema ni linani. Wasichana wanatoka pamoja: pwani wanakwenda kuokota makome, bara wanakwenda kutafuta kuni. Mmoja anasahau kitu chake, anarudi peke yake, anakutana na zimwi. Zimwi linamtia ndani ya ngoma, kisha linazunguka kijiji hadi kijiji likijisifu kwamba ngoma yake inaimba. Linaipiga, msichana anaimba, watu wanastaajabu na kulipa kwa chakula. Siku moja zimwi linafika kijijini kwao msichana bila kujua, na mama anaitambua sauti ya mwanawe. Zimwi linalishwa likalala, mtoto anatolewa, na baba yake anaijaza ngoma nyuki na nyoka. Zimwi likija kuifungua, ndio mwisho wake.

Uliza watu kosa kubwa la zimwi ni lipi. Watakwambia lilitaka kumla mtoto.

Hapo mwendesha mashtaka atakuna kichwa, kwa sababu kutaka si kosa. Kwa sheria za Kenya na Uganda, jaribio la kutenda kosa huanza pale mtu anapoanza kuitekeleza nia yake kwa tendo linaloonekana. Kuwa na njaa na meno marefu hakutoshi. Zimwi lilikaa na yule msichana siku nyingi na halikumuuma hata kidole. Wakili wake atasimama, atarekebisha tai, na kuiambia mahakama kwamba mteja wake alikuwa akimlisha mtoto.

Sasa tazama lile ambalo wasikilizaji hulipita wakicheka. Katika ngoma mna mashtaka manne:

- kumteka mtoto na kumwondoa kwa wazazi wake;
- kumfungia mtu mahali bila haki;
- kujipatia mali kwa udanganyifu, kwa kuwa wanakijiji walitoa chakula wakiamini ngoma inaimba yenyewe;
- usafirishaji haramu wa binadamu.

La nne ndilo zito, na ndilo ambalo watu hudhani ni la mbali, la meli na viwanja vya ndege. Mahakama hutafuta mambo matatu. Kwanza, je, mtu alichukuliwa, akahamishwa au akafichwa? Pili, ilitumika njia gani: nguvu, vitisho, ulaghai? Tatu, lengo lilikuwa kumtumikisha kwa faida ya mwingine? Akiwa mtoto, lile la pili halihitaji hata kuthibitishwa. Hata kama alifuata kwa hiari, hata kama aliimba huku anatabasamu, kosa limetimia.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria ya Uganda ya mwaka 2009 inafika mbali zaidi: anayesafirisha mtoto kwa namna hiyo anaweza kuhukumiwa kifo. Kwa hiyo zimwi letu, ambalo babu na bibi walitufundisha kuliogopa kwa meno yake, linaingia matatani kwa sababu ya biashara yake.

Wala si jambo la kubuni katika miji ya mpakani. Watoto wa Karamoja wamekuwa wakipitishwa Busia na Malaba hadi Nairobi, wakaombe barabarani au wafanye kazi za ndani, na pesa wanazopata huishia mkononi mwa mtu mwingine. Anayewapitisha hana pembe. Mara nyingi ni shangazi, au mtu ambaye mtoto amefundishwa kumwita shangazi.

Kama zimwi si mtu

"Lakini mzee, zimwi si mtu," kijana mmoja wa boda boda aliniambia tulipokuwa tukibishana juu ya wale nyuki. "Yule baba hakuua mtu. Ameua dudu."

Ni hoja nzuri kuliko anavyodhani. Kuua kwa kukusudia, kwa maneno ya sheria, ni mtu kumsababishia mtu mwingine kifo kwa tendo lisilo halali na kwa nia ovu iliyotangulia. Marehemu asipokuwa mtu, shtaka hilo linaanguka, na baba wa msichana anarudi nyumbani kula chakula chake cha jioni. Shida ni kwamba panga hili lina makali pande zote mbili. Zimwi lisipokuwa mtu, halishtakiki kwa lolote: si utekaji, si udanganyifu, si usafirishaji. Huwezi kulifanya mtu asubuhi ulisomee mashtaka, kisha jioni ulifanye mnyama ili uliue bila kesi.

Basi tukubali ni mtu. Linaongea, linafanya biashara, linajisifu, linadanganya. Je, baba anajitetea vipi?

Atasema alikuwa akimlinda mwanawe. Sheria inakubali nguvu ya kujilinda au kumlinda mwingine, ila nguvu hiyo ilingane na hatari, na hatari iwe ipo. Nyuki walipotiwa ndani ya ngoma, msichana alikuwa ameshatolewa, amefichwa ndani, labda anaogeshwa. Hatari ilikuwa imepita.

Atasema alighadhabishwa. Hapa pana neno la kisheria, uchokozi: tendo baya la ghafla linaloweza kumfanya mtu wa kawaida ashindwe kujizuia. Likithibitika, kuua kwa kukusudia hushushwa kuwa kuua bila kukusudia. Lakini uchokozi unataka mtu atende damu ikiwa bado inachemka. Kukusanya nyuki, kutafuta nyoka, kuwatia ngomani bila kuumwa na kuifunga ngozi vizuri ni kazi ya mtu aliyetulia. Mimi nikiwa jaji ningemtia hatiani yule baba, na nakiri kwamba sijapata kuungwa mkono na mtu yeyote katika kibanda chochote.

Kesi isikilizwe wapi?

Tuseme zimwi linanaswa na ngoma yake penye kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kile kilichozinduliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi wa Februari 2018, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Lilimteka mtoto karibu na Tororo. Lilimwimbisha Busia ya Uganda, likala. Likavuka, likamwimbisha Busia ya Kenya, likala tena. Hakimu yupi ana haki ya kulisikiliza?

Haki hiyo huitwa mamlaka ya mahakama, na kwa kawaida huishia pale nchi inapoishia. Lakini waliotunga sheria waliona mbali. Kwa Kenya, tendo likifanyika nusu ndani na nusu nje ya nchi, aliyefanya sehemu yoyote ndani anaweza kuhukumiwa kana kwamba yote yalitendeka ndani. Uganda ina kanuni inayofanana na hiyo. Kwa hiyo zimwi linaweza kushtakiwa upande wowote, na likikimbia, hati ya kulikamata iliyotolewa upande mmoja inaweza kuidhinishwa na hakimu wa upande wa pili.

Kufanana huku si bahati. Sheria ya Adhabu ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1930, na ile ambayo Uganda inaitumia mpaka leo ilianza mwaka 1950, na zote mbili zina babu mmoja: kanuni ya Queensland huko Australia, iliyoandikwa na Samuel Griffith mwishoni mwa karne ya 19. Mtu wa Tororo na mtu wa Nambale, wakishtakiwa kwa wizi wa kuku, wanahukumiwa kwa fikra za bwana huyo ambaye hakuwahi kuonja ugali.

Hadithi zenyewe zilikuwapo kabla ya mpaka. Mpaka mwaka 1902 Busia yote ilihesabiwa kuwa Uganda. Ndipo Waingereza walipoukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuunga na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili, na mazimwi yao vivyo hivyo.

Tofauti zipo, hasa katika sheria mpya. Mwaka 2021 Uganda ilitunga sheria maalumu dhidi ya kafara ya binadamu, inayohusu kuua au kukata viungo vya watu kwa ajili ya matambiko. Mganga wa hadithi anayemuua mtoto ili apate moyo wake angeshtakiwa kwayo upande wa Tororo. Upande wa Kenya angeshtakiwa kwa mauaji ya kawaida. Zimwi lenyewe lingeponyoka sheria hiyo kwa sababu ya kushangaza kidogo: lenyewe lina njaa tu, na njaa si tambiko.

*Kwa ufupi mpaka hapa: mahakama haihukumu sura wala roho. Hutafuta tendo, nia na mtu, kisha huuliza tendo lilitokea wapi. Mara nyingi kosa zito zaidi la adui ni lile ambalo msimulizi alilipitia haraka, na mara nyingine stelingi naye ana kesi ya kujibu.*

Paka wa Sultani

Wapo maadui wasioweza kuwa na nia kabisa. Nunda mla watu, katika kisa cha Sultani Majnuni ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizokusanya Unguja, alianza kama paka wa nyumbani. Alikula kuku, akala mbuzi, akala ng'ombe, akaja kula watu. Kila raia alipokwenda kulalamika, Sultani alijibu kwamba paka ni wake na hataki auawe. Alikubali kwamba ni nunda pale tu paka huyo alipowaua wana wa Sultani mwenyewe.

Watoto wakisikia kisa hiki humchukia nunda. Mwendesha mashtaka hatamgusa. Paka hana nia ya jinai hata akiula mji mzima. Mwendesha mashtaka atamfuata mwenye paka. Sheria za pande zote mbili za mpaka zinamtia hatiani mtu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake, na uzembe huo ukiua mtu, unaweza kuwa kosa la kuua bila kukusudia, ambalo kifungo chake kinaweza kufika maisha. Ushahidi dhidi ya Sultani ni yale malalamiko yenyewe. Mwenye kuku alipolalamika, Sultani angeweza kusema hakujua. Alipolalamika mwenye ng'ombe, kisingizio hicho kilikuwa kimekwisha.

Atajitetea kwa kiti chake. Katiba ya Uganda ya 1995 na ya Kenya ya 2010 zote zinamkinga rais asishtakiwe akiwa madarakani, na zote zinaruhusu ashtakiwe akishatoka. Sultani Majnuni angengoja, na raia wangengoja, na karatasi zingekaa kwenye kabati.

Vidole vya Thanos

Filamu iliyozua ubishi mkubwa kuliko zote vibandani ni ile ya Avengers ya mwaka 2018, ambamo Thanos anabana vidole na nusu ya viumbe hai vyote inageuka majivu. Karibu kila mtu husema ni mauaji ya kimbari. Si hivyo. Kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948, mauaji ya kimbari yanataka nia ya kuangamiza kundi fulani la taifa, kabila, rangi au dini kwa sababu ndilo kundi hilo. Thanos alijisifu kwamba hakubagua: tajiri na maskini, bahati nasibu. Kutobagua huko kunamtoa kwenye kosa la kimbari na kumtia kwenye jingine, jinai dhidi ya binadamu, yaani mauaji na mateso yanayofanywa kama sehemu ya shambulio pana au lenye mpango dhidi ya raia. Kosa hilo limo katika sheria za nchi zetu zote mbili, Kenya tangu 2008 na Uganda tangu 2010.

Kuna hoja nyingine ambayo vijana huileta kwa huruma: adui huyu aliumizwa kwanza. Kwao Thanos ni mfano tu. Katika mashariki ya Uganda, ambako waasi wa LRA walifika hadi Teso mwaka 2003, watu wanajua mfano wa kweli. Dominic Ongwen alitekwa na LRA akiwa mtoto, akakua humo, akawa kamanda. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, na Mei mwaka huohuo ikampa kifungo cha miaka 25. Utoto wake ulioporwa haukumwondolea kosa hata moja. Ulihesabiwa baadaye, katika kupima adhabu. Kwangu mimi utaratibu huo una akili: aliyeuawa hakupunguziwa kifo chake kwa sababu ya historia ya muuaji.

Aliyekutwa akitambaa usiku

Sasa tunafika mahali ambapo mchezo unakwisha, kwa sababu adui wa hadithi ana uso wa jirani.

Magharibi ya Kenya na upande wa Tororo, watu husema juu ya wakimbiaji wa usiku. Waluo huwaita jajuok. Inasemekana hutoka uchi usiku wa manane, husugua migongo kwenye milango, hutupa mchanga juu ya bati, kisha asubuhi huamka watu wa heshima kama wengine. Je, hilo ni kosa la jinai? Na anayempiga mkimbiaji hadi kufa, ana kosa gani?

Swali la pili lilijibiwa zamani. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipokea kesi kutoka Uganda, ya Fabiano Kinene na wenzake. Walimkuta mtu usiku akitambaa uchi kwenye boma, mtu ambaye tayari walimshuku kwa uchawi, wakamuua kwa ukatili. Mahakama haikusema uchawi upo. Ilisema kwamba kwa watu wenye imani ile, kumkuta mtu namna ile, papo hapo, kunaweza kuwa uchokozi wa ghafla na mzito. Kosa lao likashushwa kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Lakini hawakuachiwa. Miaka 10 baadaye, mwaka 1951, katika kesi ya Eria Galikuwa, mahakama hiyohiyo iliubana mlango: imani ya uchawi peke yake haitoshi, lazima pawe na tendo la uchokozi linaloonekana, si hofu iliyolelewa kwa siku nyingi. Baba wa msichana wa ngoma angesomewa kesi hiyo.

Sheria za uchawi zenyewe ni vitu vya ajabu. Ya Kenya ni ya 1925, ya Uganda ni ya 1957, na hakuna inayodai kwamba mtu anaweza kuruka kwa ungo. Zinamwadhibu anayejidai kuwa na uwezo huo ili kuwatia watu hofu au kuwadhuru. Ya Uganda ilimruhusu hakimu hata kumfukuza mtu kijijini kwake baada ya kifungo. Salvatori Abuki alihukumiwa miezi 22 gerezani na kisha miaka 10 ya kukaa mbali na kwao. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ilisema kumnyima mtu nyumba na shamba lake hivyo ni adhabu ya kikatili, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba amri hiyo ya kufukuza inapingana na Katiba.

Sheria ya Kenya ina kifungu ambacho ningependa kibandikwe ukutani pa kila baa: kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi ni kosa. Mei 2008, huko Kisii, umati uliwachoma moto watu 11, wengi wao wazee, kwa tuhuma za uchawi. Wale waliobeba viberiti ni wauaji bila ubishi wowote. Yule aliyelitaja jina la bibi wa kwanza, hata kama alirudi kulala mapema, naye alikuwa ameshatenda kosa.

Na mkimbiaji? Kukimbia kwenyewe hakuna jina katika vitabu vya sheria. Kuingia kwenye boma la mtu usiku bila ruhusa kuna jina. Kuvuruga amani kuna jina, na kuharibu mali pia. Kwa Kenya, raia anayeshuhudia kosa zito likitendeka anaweza kumkamata mtendaji, mradi amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kituoni ataulizwa alichokiona, na itamfaa aseme mchanga, bati, saa na mahali. Akitaka kusema mchawi, sheria ile ya 1925 inamruhusu kulisema hapo, mbele ya polisi, au kwa chifu, au kwa mtu mwingine mwenye mamlaka. Akilisema njiani, mbele ya vijana walioshika mawe, yeye ndiye atakayesomewa mashtaka.